Jembe la Ukweni

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wote na mbuzi wawili wa Bibi waliofungwa hapa karibu nami, natangaza rasmi kwamba kisa hiki cha mapenzi kitasimuliwa kwa haki, kwa utulivu, na bila kuegemea upande wowote. Mimi, Haula, mwanafunzi wa bweni na msichana mwenye adabu zake, sikushiriki kwa lolote katika mambo yaliyotokea shambani kwa Bibi Mwanawetu. Nilikuwa shahidi tu.

Ngoja kidogo. Mbuzi mmoja amekata kamba.

Haya, nimemrudisha. Nilikuwa nasema: shahidi tu. Ukisikia vinginevyo, hizo ni porojo za Belmira.

Tuanze na macho, maana ugonjwa wenyewe ulianzia hapo. Mama mdogo Sumaia ni kitinda mimba wa Bibi. Ana miaka ishirini na sita, ana mikono inayojua kazi, na ana tabia ya kumtazama mtu mpaka mtu huyo akasahau alichokuja kusema. Dotori Anuar alikuwa anasahau kila alipofika.

Dotori Anuar si dotori wa sindano. Ni mtaalamu wa uchumi wa kilimo, kijana wa Pemba ya huku kwetu Msumbiji, si ile ya kisiwani, mrefu, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ambayo kijiji chetu kizima cha Quitunda hakina umeme. Kazi yake ni kuwauliza wakulima wadogo wanafanyaje siku hizi, maana mvua imekuwa kama mgeni asiye na adabu: hapigi hodi akija, haagi akiondoka. Nani anapanda mapema? Nani anasubiri? Nani anachanganya mpunga na mbaazi ili kimoja kikifa kingine kibaki? Nani anauza mbuzi? Majibu yote huyaingiza kwenye tableti yake, taratibu, kwa kidole kimoja.

Nyumba nyingine za Quitunda alizitembelea mara moja, akashukuru, akaenda zake. Nyumba yetu alikuwa anakuja kila baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, Mama," humwamkia Bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena?"

"Kuna jambo dogo nataka kulihakikisha."

Bibi hubeba ungo wake akaingia ndani bila neno. Hubaki mama mdogo Sumaia anamenya muhogo, na Anuar juu ya kigoda, magoti yamemfika kidevuni.

"Mwaka jana mpunga mliupanda kabla ya mvua au baada ya mvua?"

"Kabla. Vumbini."

"Vumbini," Anuar hurudia, kama aliyetajiwa jina la manukato.

Kupanda vumbini, kwa msomaji wa mjini, ni kuiweka mbegu kwenye udongo mkavu kabla tone halijaanguka, kisha ukamwachia Mungu. Mvua ikiwahi, unavuna wenzako wakiwa bado wanapalilia. Ikichelewa, umewalisha mchwa. Bibi yangu hupanda vumbini kila mwaka, na mama mdogo amerithi.

"Na mliamuaje kupanda vumbini?"

"Swali hilo uliliuliza juzi, Dotori."

"Jibu linaweza kubadilika."

"Inayobadilika ni mvua. Mimi sibadiliki."

Hapo mama mdogo huinua macho. Anuar naye huinua yake. Nakwambia, msomaji, hata tableti ilikuwa inajizima yenyewe kwa kuona haya.

Mambo yangeendelea matamu hivyo hivyo mpaka wote wawili wakaota mvi, lau isingekuwa Ijumaa. Kazi ya Anuar ilikuwa inaisha, na Ijumaa gari la mradi lilikuwa linakuja kumchukua. Juu ya hilo, Jumapili walikuwa wanakuja wazee wa Mashaka kuleta posa. Mashaka ni mfanyabiashara, watu wake ni wa Mtwara. Huvusha mafuta ya kupikia na vitenge kwenye mto Ruvuma. Ni mchangamfu, mkarimu, na ana pikipiki inayowika kuliko jogoo. Sina neno baya juu yake, na si kwamba sikulitafuta.

Jumatatu nilikuwa nimekaa nyuma ya mlango nikisoma kitabu. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Si kosa langu kwamba Allah alinipa masikio.

"Mama, mimi sijasema ndiyo kwa Mashaka."

"Wala hujasema hapana."

"Nasubiri."

"Unasubiri nini, Sumaia? Yule mwenye kibao cha taa?"

Mama mdogo akashika ungo, akapepeta.

"Nisikilize, mwanangu," Bibi akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. "Wataalamu ni kama mvua za siku hizi. Linakuja wingu zuri, linanyesha siku moja, watu wanakimbilia jembe, wanapanda kila walichonacho. Halafu wingu linakwenda zake. Linaacha miche imechomoza, haina pa kunywa. Mimi sitaki uwe mche."

"Anuar si wingu."

"Basi ni nini? Mwaka mzima anauliza. Kuku wetu ameuliza. Choo chetu ameuliza. Swali moja tu hajauliza."

Mama mdogo aliendelea kupepeta mchele ambao haukuwa tena na pumba, na nikaona tone linaanguka kwenye ungo. Nyumba za Quitunda ni za matofali na bati zima. Hazivuji.

Hapo ndipo alipoingia mtu fulani.

Jina lake silitaji. Ni mtu mwenye uso wa upole, yuko darasa la kumi na moja, aliwahi kusimamishwa shule wiki mbili kwa kosa ambalo halikuthibitishwa. Mtu huyo alimkuta Anuar kibarazani kwa nyumba aliyopanga, ameiinamia tableti yake kama aliyefiwa.

"Bibi yako hataki kumalizia mahojiano," Anuar akalalamika. (Mtu huyo naye ana bibi. Watu wengi wana bibi.) "Nimebakiza sehemu ya mwisho. Na... kuna mengine nilitaka kumwambia. Lakini nikifika tu, anaingia ndani."

"Bibi haamini mdomo," mtu fulani akamwambia kwa huruma. "Anaamini jembe. Kesho alfajiri nenda shambani kwake na jembe lako mwenyewe. Usiombe ruhusa. Usiseme kitu. Anza kulima."

"Bila kusema?"

"Kabisa."

"Ndiyo desturi?"

"Desturi ya zamani mno. Ya watu wa mama yake, kule Nangade."

"Na maana yake ni nini hasa?"

"Heshima."

Kila neno hapo ni kweli. Naomba msomaji aliweke akilini nitakapo... mtu huyo atakapohukumiwa.

Kilichosahaulika kutajwa ni kitu kidogo tu. Sisi wa pwani tuna washenga na masinia. Watu wa mama yake Bibi wao wana jembe. Kwao mwanamume akiingia na jembe lake kwenye shamba la mwanamke, hakuitwa, hakutumwa, akalima kimya, basi amemposa binti wa mwanamke huyo. Haina haja ya maneno. Ameshatangaza.

Asubuhi ile nilikuwa juu ya dungu, nimepewa kazi ya kulinda muhogo dhidi ya nyani. Dungu la Bibi ni refu. Ukiwa juu unaona mashamba yote mpaka njia ya kijijini. Nikamwona Anuar anakuja. Jembe jipya, mpini bado una karatasi ya dukani. Shati limepigwa pasi.

Akasimama mwanzo wa shamba, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema bismillahi, akaanza. Alikuwa analima kama mtu anayebisha hodi ofisini: koko, koko, anangoja kwanza. Lakini hakuacha. Jua likampanda mgongoni, shati likamganda, akavua viatu, akaendelea.

Wa kwanza kumwona alikuwa Belmira, jirani yetu wa shamba la pili. Belmira ni Mmakonde, mama wa watu, mdomo wake hauna likizo. Alimtazama Anuar, akatazama jembe, akaliangusha lake chini na kutimua mbio kwenda njiani kumpokea Bibi. Walikutana chini ya dungu langu.

"Mwanawetu wee! Una mkwe!"

"Una wazimu asubuhi yote hii?"

"Nakuapia! Yule Dotori wa maswali. Amekuja na jembe begani, peke yake, hakumsemesha mtu. Analima kwako hivi sasa."

Bibi akasimama. "Nani amemtuma?"

"Hakuna. Nimemwona kwa macho yangu."

Bibi akanyoosha shingo. Akamwona kijana yule wa tableti, miguu mitupu, vumbi mpaka kwenye nyusi, anang'ang'ana na kisiki cha mkorosho. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Wingu halishiki jembe," akasema polepole.

Kisha Bibi yangu, ambaye hajawahi kumwogopa mtu wala mnyama, akavuta kanga yake mpaka usoni, akageuka, akaenda kujificha nyuma ya mbaazi.

Hii nayo niieleze, maana Anuar hakuelezwa. Kwa watu wale, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Hawakabiliani njiani, hawaulizani habari ana kwa ana. Mwanamke akianza kukukimbia, jua ya kwamba amekukubali. Anayekutazama machoni na kukukaribisha chai bado hajakuhesabu kitu. Kule kufunika uso ndiko kulikuwa ndiyo ya Bibi, na ilikuwa ndiyo kubwa.

Anuar akaona pindo la kanga linapita. Uso ukamchangamka. Akatupa jembe, akafuta mikono, akachomoa tableti.

"Shikamoo, Mama!"

Bibi akahamia upande wa pili wa mbaazi. Anuar akazunguka.

"Mama, habari za asubuhi! Nimelima kidogo! Nilikuwa na swali!"

Bibi akaongeza mwendo. Anuar naye akaongeza.

"Ni dogo tu, Mama! Kuhusu mbegu za akiba!"

Wakazunguka mbaazi zile, Bibi mbele ameshikilia kanga kwa meno, Anuar nyuma ameinua tableti juu kama mtu anayetafuta mtandao. Belmira alikuwa amekaa chini kabisa, amejishika mbavu, machozi yanamtoka. Mzunguko wa tatu Bibi aligeuza njia ghafla, Anuar akapitiliza, akajikwaa kwenye tuta, akalala kifudifudi. Alipoinua kichwa Bibi alikuwa ameshapotelea kwenye muhogo.

Akabaki amekaa pale, uso umemshuka. Ndivyo mama mdogo Sumaia alivyomkuta.

Alikuwa amekuja na kikapu cha viazi na chupa ya chai. Njiani alikuwa amepishana na mama yake, uso umefunikwa, anacheka peke yake. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Nilimwona anavyotembea. Mama mdogo siku zote hutembea kama mwenye kesi. Asubuhi ile alikuwa anakanyaga kama mwenye kuogopa kuamsha mtoto.

"Dotori."

"Sumaia. Afadhali wewe umekuja."

"Umelima yote hii peke yako?"

"Vibaya, nadhani."

"Vibaya sana." Akacheka. "Hapo ulipolima palikuwa pameshapandwa. Mpunga wa vumbini."

Anuar akaruka kama aliyekalia siafu. "Nimeufukua mpunga wenu?"

"Mwaka mzima unaandika vumbini, vumbini. Umefika vumbini, unalifukua."

"Nisamehe. Nitarudishia. Nitafanya chochote."

"Najua," mama mdogo akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia akimsemesha mtu mwingine. "Lete mkono."

Viganja vya Anuar vilikuwa malengelenge matupu. Mama mdogo akararua pindo la kanga yake kuukuu, akamfunga taratibu, wa kulia kisha wa kushoto. Nyani mmoja akashuka kwenye muhogo. Nilimwacha. Kuna wakati ulinzi wa shamba si jambo la kwanza.

"Mama amekuona?" mama mdogo akauliza, macho yake kwenye fundo.

"Ameniona." Anuar akashusha pumzi. "Sumaia, mama yako ananichukia. Amenikimbia mbele ya watu. Amefunika uso asinione kabisa."

"Amefunika uso!" Mama mdogo akafumba macho. "Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi?"

"Anuar." Ndiyo mara ya kwanza aliliacha lile neno Dotori. "Nilidhani hutasema kamwe. Nilishaanza kujifunza namna ya kukusahau, na nilikuwa sifaulu."

"Kusema nini?"

"Jembe limeshasema."

Anuar akalitazama jembe kana kwamba huenda likarudia. "Jembe... niliambiwa ndiyo adabu ya hapa. Kwamba Mama hatamalizia mahojiano mpaka nilime kwanza."

Mkono wa mama mdogo ukaachia kiganja chake.

"Mahojiano."

"Nimebakiza ile sehemu ya mwisho, ya..."

"Umeingia kwenye shamba la mama yangu na jembe lako, Belmira anaona, njia nzima inaona, kwa ajili ya mahojiano?"

"Sumaia, nimekosa nini?"

"Hujakosa. Utafiti wako umekamilika. Washa kibao chako uandike: nyumba hii ina binti mjinga mmoja."

Akageuza uso. Mabega yake yakawa yanatikisika. Na mimi juu ya dungu, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimeng'ata kitambaa nisicheke, nikaacha kung'ata. Hakuna kilichobaki cha kuchekea.

Anuar alisimama mbele yake. "Niambie nilichofanya. Tafadhali."

"Umeniposa!" Mama mdogo akamgeukia, machozi na hasira pamoja. "Kwa watu wa bibi yangu, hivyo ndivyo mwanamume anavyoposa. Kila mtu anajua isipokuwa wewe uliyeshika jembe. Na mama hakukimbii kwa chuki. Anakukimbia kwa sababu amekukubali. Mkwe hatazamwi usoni."

Uso wa Anuar ukabadilika, taratibu, kama shamba linavyobadilika rangi likiguswa na maji.

"Amenikubali?"

"Katika yote niliyosema, umesikia hilo tu?"

"Amenikubali," akarudia. "Sumaia, desturi inasemaje mtu akilitupa jembe akaondoka?"

"Ameutukana ukoo."

"Na mtu akilima bila kujua, halafu akajua?"

"Hakuna desturi iliyotungwa kwa mtu mjinga kiasi hicho."

"Basi tuianze leo."

Akaizima tableti, akampa mama mdogo aishike. Akaokota jembe kwa mikono yake ya matambara, akasogea mahali papya, akaanza tena. Safari hii hakuwa anabisha hodi.

"Mimi ni mtu wa kusubiri," akasema huku analima, bila kumtazama. "Nimewaandika watu wanaopanda vumbini, nikawaonea wivu. Kila nikifika kwenu najiambia, bado. Subiri dalili. Sumaia acheke kwanza. Mama anikaribishe kwanza. Basi nakuuliza habari za kunde, kunde sizitaki, namtaka anayejibu. Na msimu unapita." Jembe likashuka. "Asubuhi nimelima sijui. Sasa nalima najua. Nakuomba wewe, Sumaia. Ikiwa hutaki, niambie niache sasa hivi, maana mikono inauma sana."

Mama mdogo alicheka akiwa bado analia, jambo ambalo huharibu uso wa mtu yeyote, lakini wake haukuharibika.

"Na Ijumaa?"

"Gari litakuja."

"Utaondoka."

"Litaondoka gari. Yuran, dereva, atalirudisha Jumamosi kuchukua vifaa. Nitamwomba aje na mama yangu, tufike kwa wazee wako Jumamosi hiyo hiyo, kabla pikipiki ya mtu yeyote haijawika."

"Halafu?"

"Halafu nitatafuta kazi. Nikiipata hapa, nitakuuliza kama utanivumilia hapa. Nikiipata Pemba, nitakuuliza kama utakuja Pemba. Usipopenda, mimi sitaipokea."

"Maswali tena, Anuar?"

"Nimezoea."

Mama mdogo akaiweka tableti chini ya kikapu. Akafungua fundo la kanga kiunoni, akatoa mbegu za mpunga, akazigawa mara mbili, nusu akamwekea Anuar kwenye kile kiganja kilichofungwa.

"Rudishia ulichofukua."

"Mvua haijaja," Anuar akasema. "Hata wingu hakuna."

"Naona."

Wakainama pamoja. Anuar anachimba, mama mdogo anadondosha, halafu anafukia kwa unyayo. Vidole vyao vikawa vinakutana juu ya kila shimo. Mashimo mengine hayakuwa na haja ya mikono minne, lakini mimi si mtaalamu wa kilimo.

"Hilo ndilo jibu lako?" Anuar akanong'ona.

"Usiniulize. Fukia."

Basi sauti ikatoka kwenye muhogo.

"Belmira! Mwambie mtu huyo!"

Belmira, aliyekuwa amekaa hatua chache tu kutoka hapo akijifanya anapalilia, akasimama kwa fahari ya balozi. "Dotori, mama mkwe wako anasema..."

"Nimesikia," Anuar akajibu.

"Hujasikia mpaka nikwambie! Wewe geuka, mpe mgongo. Haya. Anasema: aliambiwa wewe ni wingu. Wingu hili litaondoka lini?"

Anuar, mgongo umeelekea muhogo kwa adabu zote, akafikiri. "Mwambie Mama, wingu lina malengelenge. Haliwezi kwenda mbali."

Muhogo ukatikisika kwa kicheko. Mama mdogo alijifunika mdomo. Nami huku juu roho ikawa nyeupe. Nikajiona kama waziri aliyefungua daraja.

"Belmira!" sauti ikarudi, na sasa ilikuwa na makali. "Muulize: nani aliyemfundisha kushika jembe bila kumwambia maana yake?"

Hata nyani waliacha kutafuna.

"Mwambie Mama anisamehe," Anuar akasema kwa sauti thabiti. "Katika utafiti, mtoa habari hatajwi jina. Ni amana. Siwezi kuivunja, hata kwa mama mkwe."

Msomaji, umewahi kuona uungwana kama huo? Mtu ameaibishwa, amekimbizana na mkwewe, amechubuka mikono, na bado analinda siri ya mtu aliyemponza! Moyo ulinijaa. Nilisimama juu ya dungu, nikapiga makofi.

Makofi husikika mbali sana shambani asubuhi.

Wakainua vichwa wote watatu. Kwenye muhogo ukatokeza uso wa nne.

"Haula," Bibi akaita kwa upole wa kutisha. "Shuka, mke mwenzangu."

Nikashuka. Ngazi ya dungu haijawahi kuwa fupi hivyo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bibi."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia alime. Nilimwambia ni desturi, na ni heshima. Hakuna uongo hapo."

"Na maana yake uliinyamazia kwa nini?"

"Kwa sababu angetaka kuifanyia utafiti kwanza, Bibi. Angeanza kuwahoji wazee wa Nangade mmoja mmoja, na Ijumaa ingefika hajamaliza."

"Ni kweli," Anuar akasema kwa unyonge, bado ametupa mgongo. "Ningefanya hivyo."

"Lakini sikujua kama utalia, Mamdogo," nikamwambia mama mdogo. "Hilo silo nililolitaka. Nisamehe."

Mama mdogo alinivuta, akanikumbatia na mikono yake yenye vumbi na mbegu. Nilidhani yamekwisha. Kisha akanisogeza nyuma kidogo, akanishika mabega, akanitazama machoni.

"Ulifanya yote haya kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

Akaendelea kunitazama.

"Sehemu kubwa," nikasema.

"Na sehemu ndogo?"

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Havikuwa na msaada.

"Bweni letu liko Pemba, Mamdogo. Mashaka angekuvusha mto, ukaishi Mtwara. Lakini Dotori ni mtu wa Pemba, na huenda kazi akaipata huko. Jumapili wanafunzi wenye jamaa mjini huruhusiwa kwenda kula kwao. Mimi sina jamaa Pemba. Mimi Jumapili hubaki na maharage."

Belmira alikuwa ameanguka chini tena. Bibi alikuwa ametoka kwenye muhogo kabisa, kanga imemdondoka mabegani.

"Yaani umeniposea mume," mama mdogo akasema polepole, "ili upate pa kula Jumapili?"

"Wali wa nazi," nikakiri, kichwa chini. "Na samaki, Mungu akipenda."